Leodgar Lugembe Ngollo (1966–2025), Mkuu wa Idara Aliyekaa Mlangoni

Mpendwa wetu Leodgar Lugembe Ngollo alizaliwa hapa Bukene tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa nne wa Mzee Damas Ngollo na Mama Eustadia. Mimi Suzana, dada yake, ndiye niliyembeba mgongoni mama alipokwenda shamba. Alikuwa mzito.

Alisoma shule ya msingi Bukene, 1974 hadi 1980, kisha sekondari Tabora mjini, na baadaye Morogoro, alikosomea uhandisi wa kilimo. Mimi niliishia darasa la saba, lakini barua zake zote nilizisoma mwenyewe, na ninazo.

Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa takatifu na Levina. Walijaliwa watoto wawili, Koleta na Fikiri.

Mwaka 2011 aliajiriwa kufundisha chuo kikuu Tabora mjini, na 2015 akawa mkuu wa idara. Nikampelekea karanga za pongezi. Nilimkuta kwenye kikao, amekaa kiti cha mlangoni anaandika, na mbele kakaa Jenifa, karani wao, ndiye anayesema nani aongee.

Walipotoka nikamwuliza, "Wewe si ndiye mkubwa wao?"

"Leo shamba la Jenifa, dada."

Nilielewa, ila sikufurahi. Kikundi cha mama cha kulima kwa zamu kilikuwa hivyo: wakija kulima kwako, siku hiyo unaongoza wewe, hata uwe binti mdogo. Leodgar aliyapeleka hayo chuoni. Mwenye wazo ndiye aliyeliongoza, awe msomi wa juu au fundi. Mashine yao ya kukamua asali ilikuwa wazo la Wilbroad, fundi wa karakana. Leodgar alimshikia spana.

Kazi ile ilimmeza. Bukene alikuja, akalala siku moja, mbili, akaondoka. Kila Krismasi nilimtandikia kitanda.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Dar es Salaam, na tarehe 26 Mei mwaka huu akaja kwangu. Wiki hiyohiyo wenzake walikuwa wakipeleka mashine kwa warina asali wa Usinge, kuijaribu mara ya kwanza. Nilijua ataomba gari awafuate.

"Wanakwenda bila wewe?"

"Wana Wilbroad."

"Na ikiharibika?"

"Wataitengeneza. Dada, uji huo unapoa."

Na kweli iliharibika. Jenifa alipiga simu: mpini ulivunjika, wakatengeneza mwingine pamoja na warina, mrefu zaidi, na asali ikatoka safi. Leodgar alicheka, akageukia ukutani akalala. Gari hakuliomba.

Alifariki tarehe 5 Juni, saa sita mchana, mkono wake umo mkononi mwangu. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, wenzake sita wa idara, na mimi.

Nanyi wenzake wa idara, miaka yote nilisema chuo kimeninyang'anya mdogo wangu. Kumbe kwa kuwa mliweza kazi bila yeye, nilimpata siku kumi na moja. Nawashukuru. Nilitaka na ya kumi na mbili.

Mungu ampokee na kumpumzisha.