Binti Yangu Aliniomba Radhi kwa Kucheka

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mbona mnaitikia kama mko msibani? Asifiwe tena!

Mimi ni Mama Prisca, fundi cherehani wa hapa Kihonda. Kwetu ni Mgeta, kule mlimani. Leo sikuja kwa upole. Nimekuja na hasira, na naamini Mungu ameniruhusu.

Miaka saba iliyopita nilikuwa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga mtoto wa dada yangu aliyekuwa anaolewa. Nilicheza, ndugu zangu! Nilicheza mpaka kilemba kikadondoka. Mume wangu alikuwa amekwenda Gairo kununua karanga. Nikiwa bado nacheza, simu ikaja: lori limepinduka, Baba Prisca hayupo tena.

Siku ya tatu ya msiba, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi mtaani, jina lake nitalihifadhi, aliketi kwenye mkeka wangu akaniambia mbele ya watu: "Mwenzio anakata roho, wewe unakata kiuno. Mungu amekuonyesha."

Hakuna aliyemkemea. Hata mmoja! Nami nikaamini.

Tangu siku hiyo nikaiogopa furaha kama nyoka. Niliwashonea wengine nguo za harusi, mwenyewe sikukanyaga ukumbini. Vitenge vya rangi kali nikavigawa. Prisca alikuwa na miaka kumi na tano, akicheka, namwambia, "Taratibu, mwanangu, utatuletea balaa." Alipoolewa mwaka juzi, ibada ilipokwisha nilirudi nyumbani. Harusi ya mwanangu wa pekee! Na watu wakanisifu, eti tazameni mjane mcha Mungu. Ndugu zangu, nilikuwa mwoga tu, nanyi mkaniita mtakatifu!

Mwezi uliopita Prisca alijifungua. Uchungu ulimshika siku mbili, tukadhani tunampoteza. Asubuhi ya siku ya tatu nikaitwa hospitali. Nikiwa koridoni nikasikia vicheko vyake na vya mawifi zake. Nilipoingia, wote kimya, kama wanafunzi waliofumaniwa na mwalimu. Prisca, macho yamemvimba kwa uchovu, mtoto kifuani, akasema:

"Shikamoo, mama. Utusamehe, tulikuwa tunacheka kidogo tu."

Ananiomba radhi! Katoka mlangoni pa kaburi, kamkumbatia mwanawe wa kwanza, halafu anaomba radhi kwa kucheka! Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata. Si kwake. Ni kwa ule uongo nilioulisha nyumba yangu miaka saba. Nikasema moyoni: Bwana Yesu, wewe uliyekaa arusini na watu wakala na kunywa, ndiwe uliyepindua lori kwa sababu mimi nimecheza?

Papo hapo nikakumbuka neno ambalo hatia ilikuwa imelifukia. Asubuhi ya siku ile ya sendofu Baba Prisca, akifunga kamba za viatu, aliniambia: "Nenda kacheze, mke wangu. Na zamu yangu unichezee."

Nikapiga kigelegele! Wodi nzima ikageuka. Muuguzi akaja mbio, "Bibi, hapa kuna wagonjwa!" Nikamwomba radhi, nikapiga kingine. Prisca alicheka huku machozi yanamtiririka, na safari hii hakuniangalia kwanza kuona kama namruhusu.

Juzi yule kiongozi alikuja kumwona mtoto. Akanikuta na kitenge chekundu. Akanivuta pembeni.

"Mama Prisca, usijisahau. Unakumbuka yaliyokupata."

"Nakumbuka," nikamjibu. "Nilifiwa na mume. Wewe ukaniambia nimemuua."

Akaomba maji ya kunywa. Nikampa, maana sina kisasi, lakini maneno yangu sikuyarudisha.

Sisemi kwamba silii. Mume wangu namlilia hadi leo. Ila sitaomba tena radhi kwa jema alilonipa Mungu. Asante, Yesu! Umenitoa kwenye kifungo kilichopambwa kama ibada!

Nawe uliyeketi hapo, uliyepona, uliyepata mchumba, uliyepata kazi, na unaficha ili usionekane umejisahau: mwamini Baba yako. Hakuvizii. Akikupa kitu kizuri, hajaficha fimbo nyuma ya mgongo.

Jumapili ijayo mjukuu wangu anabatizwa, na muziki upo. Njooni wote. Hata yule kiongozi nimemwalika. Kiti chake nimekiweka mbele, karibu kabisa na spika.