Sauti Iliyowarudisha Kazini

Ndugu jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi naye kiwandani, familia imenipa mimi, binti yake wa kwanza, jukumu la kuwasomea maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Spika, na baadhi yenu ikafika siku hamkutaka tena kumwita kwa jina lolote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mbao, na bibi yetu alizoea kusimulia kwamba alichelewa kutembea lakini aliwahi kusema, na alipoanza kusema hakuna mtu nyumbani aliyepumzika. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 na sekondari kuanzia 1966, na huko alimkuta mwalimu wa historia aliyekuwa ametunga mchezo wa kuigiza kuhusu siasa za Roma ya kale, habari za mtawala aliyeuawa barazani na watu aliokula nao meza moja, na za rafiki yake aliyeruhusiwa na wauaji kusema maneno machache mazishini, akayasema hadi umati uliokuja kuwashangilia ukawageuka.

Baba alipewa nafasi ya huyo rafiki, na mtawala akawa kijana wa darasa la mbele yake, mwenye kifua kipana na sauti nzito, ambaye nusu ya kazi yake ilikuwa kulala chini ya shuka jeupe bila kutikisika, lakini siku ya kwanza ya maonyesho vumbi la shuka likamshinda, maiti ikapiga chafya ya nguvu, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baba hakupepesa jicho, alinyoosha mkono akasema, "Mnaona? Wamemuua, na bado hawajaweza kumnyamazisha!" Kicheko kilikatika hapo hapo, watu wakasimama kwenye viti wakipiga kelele za hasira kana kwamba wauaji wako mlangoni, na tangu siku hiyo yule kijana akaitwa Chafya, naye baba akajua kwamba ana kitu kinywani ambacho wenzake hawana.

Mwaka 1970 wote wawili waliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, baba kwenye mashine ya kukatia karatasi na Chafya kwenye chumba cha kujalidi vitabu, na wakaufufua mchezo wao katika ukumbi wa chakula, ukachezwa kila mwisho wa mwaka, mabosi wakikaa mstari wa mbele. Mshonaji wa mashuka ya Waroma alikuwa dada yake Chafya, na siku moja baba alipokwenda kupimwa urefu alikaa kwenye kiti cha mteja hadi jioni akizungumza, mpaka binti akamwambia, "Kaka, nimeshakupima mara tatu, au unaendelea kurefuka?" Walifunga ndoa tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watano, na nyumba yetu na ya mjomba Chafya ziligawana ukuta mmoja, mwembamba kiasi kwamba mjomba akikohoa kwake, mama anamwitikia "pole" akiwa jikoni.

Mwezi wa Mei mwaka 1989 ilivuma habari kwamba kiwanda kitapunguza watu, wafanyakazi wakazima mashine wakakaa uani, na mjomba Chafya, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati yao, akasema hawatarudi mpaka wapewe ahadi ya maandishi. Mkurugenzi akamwita baba peke yake ofisini, akammiminia chai kwa mkono wake, akamsifu kwa mchezo wa mwaka uliopita akitaja hata mahali aliposhusha sauti, kisha akamwambia, "Wewe ndiye wanayemsikiliza. Waambie warudi, hakuna atakayeguswa." Baba aliomba jambo hilo liandikwe, mkurugenzi akacheka, "Kiwanda kizima kimejaa karatasi, na wewe unataka moja zaidi? Neno langu halikutoshi?" Baba akasema linatosha.

Ijumaa tarehe 12 Mei alipanda juu ya marobota ya karatasi pale uani, na mliokuwepo mnakumbuka kuliko mimi ninayesoma, kwamba hakumpinga shemeji yake hata kidogo, bali alianza kwa kumsifu, akamwita mtu mkweli, mtu jasiri, mtu asiyejua hofu, kisha akauliza kwa upole kama asiyejua hofu anaweza kujua hofu ya mama mwenye mtoto mgonjwa na sufuria tupu, akalirudia swali hilo kila alipomsifu, hadi watu wakaanza kumtazama Chafya kama yeye ndiye aliyewafungia lango. Mjomba alijaribu kusema, wakamzomea. Jumatatu mashine ziliwashwa, na Jumatatu iliyofuata mlinzi aliinua mkono langoni, akamzuia mjomba Chafya kwanza, halafu wanakamati wote, halafu wengine wengi ambao baadhi yenu mmeketi hapa, lakini baba alipofika, mlinzi alimpigia saluti, kwa sababu alikuwa amefanywa msimamizi wa zamu.

Alikwenda kumwona mkurugenzi, akaambiwa amesafiri, akaenda tena, akaambiwa yuko mkutanoni, na mara ya tatu hakuinuka kwenye kiti chake kipya. Jioni ile aligonga kwa shemeji yake, na mjomba akafungua mlango, akasema, "Shemeji, ulisema vizuri sana. Nusura unishawishi hata mimi." Kisha akaurudisha mlango taratibu, bila kuubamiza, na kabla ya mwaka kwisha familia yake ilihama mtaani, mjomba akawa anabeba magunia ghalani na kile kifua kipana kikaanza kumsumbua. Mama alimuuliza baba swali moja tu, "Ulijua?" naye akajibu, "Sikujua. Lakini sikuuliza mara ya pili." Mama aliendelea kumpikia, kumfulia na kumngojea anapochelewa, ila hakumtania tena maishani, na mashine ya kushonea ikafunikwa kitambaa. Upande wa pili wa ukuta wakaingia wapangaji tusiowajua.

Marehemu alibaki kiwandani hadi alipostaafu mwaka 2006, na sisi wanawe tulivaa, tukala na kusoma kwa mshahara wa kiti kile, kwa hiyo hatuwezi kusimama mbele yenu tukajifanya wageni wa jambo hili. Mchezo haukuchezwa tena. Mara nyingi alipanga kwenda kumwona mjomba, akanyoa ndevu, akavaa shati la kutokea, akafika kituo cha basi akarudi, akisema basi lilijaa.

Mjomba Chafya alifariki tarehe 9 Februari 2011. Baba alikwenda mazishini, akakaa nyuma kabisa, lakini kijana mmoja wa ukoo, ambaye hakuwa amezaliwa wakati wa mgomo, alisikia tu kwamba mzee yule ndiye msemaji hodari, akamfuata na kumwomba aseme maneno machache. Baba alisimama, akafungua kinywa, midomo ikacheza bila kutoa sauti, na waombolezaji wakamngoja hadi wakaanza kuinamisha vichwa kwa aibu, ndipo mama alipomvuta mkono akaketi. Kuanzia hapo alisema ya lazima tu, naomba maji, fungeni mlango.

Mwaka 2013 alianza kukwamwa na chakula, madaktari wakagundua saratani ya koo, na mwezi wa Septemba akafanyiwa upasuaji uliomwondolea sauti yote. Daktari alimletea kifaa cha kuzungumzia, akakisukuma pembeni, na mama alipomsihi ajaribu kukitumia, angalau awaite wajukuu, alitikisa kichwa. Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2014, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika miguu, na tulijaribu kusoma macho yake kama kuna neno alilotaka kutuachia, hatukuona neno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa asiyetaka kuvumiliwa, majirani mliotuletea viti na maji, na wafanyakazi wenzake mliokuja, na zaidi ninyi mliofukuzwa mkaja hivyo hivyo. Tunamshukuru mke wa mjomba Chafya, aliyefika asubuhi, akakaa kwenye mkeka mmoja na mama, wala hawajazungumza.

Hatuwaombi mmsamehe, maana tukianza kuwasihi tutakuwa tunawashawishi, na mmeshashawishiwa vya kutosha na nyumba hii. Mzikeni tu.

Baba, amani uliyoikosa, tunakutakia uipate huko unakolala.