Kamera ya Laki Sita Kutoka Masasi

Pale stendi ya Newala, mkabala na duka la pembejeo, nina benchi moja, jiko la mkaa na birika langu la kahawa. Asubuhi, ukungu haujaondoka, wateja wangu wawili wanakuwa wameshakaa. Salmini tunamwita Mizani, kwa sababu alipima korosho chama cha msingi miaka kumi na tisa, na mpaka leo haamini kipimo cha mtu mwingine. Dunstan tunamwita Ticha. Kufundisha amestaafu, kusahihisha bado. Jumatatu ile akatokea Mrisho mpiga picha, yule tunayemwita Fleshi. Akaitupa kamera juu ya benchi, vikombe vikaruka.

— Mwizi mkubwa yule! Nikimkuta Masasi namtafuna!

— Kwanza salamu, — akasema Ticha.

— Shikamooni. Namtafuna mbichi!

Nikammiminia kahawa, akatueleza. Alishuka Masasi akanunua kamera kwa mchuuzi mmoja mwenye begi, laki sita, wakati dukani inapita milioni. Akaambiwa imetumika mwezi mmoja tu. Juzi Jumamosi, harusini Kitangari, bibi harusi ndiyo kwanza anatolewa ndani, vigelegele vimepamba moto, kamera ikasema krrr, ikafa. Jana fundi kaikagua: imeshapiga picha laki mbili na arobaini elfu.

— Mwezi mmoja! — Mizani akafoka. — Mwezi gani huo?

— Gawa kwa thelathini, — akasema Ticha. — Elfu nane kwa siku.

— Hiyo ilikuwa inapiga vitambulisho! Nchi nzima imepita humo. Hata sura yangu imo!

— Uliomba risiti, Mrisho? — akauliza Ticha.

— Alisema kitabu kimeisha.

— Ukauliza imepiga picha ngapi?

— Ningejuaje kama kamera ina mita kama gari, Mwalimu? Nilipiga tatu za kujaribu, zikatoka safi!

— Mchagua jembe si mkulima. Wewe ulichagua sana.

— Nilichagua wapi? Ilikuwa moja tu!

— Basi ndiyo hiyohiyo.

Mizani akasimama, kikombe mkononi, kahawa inamwagikia kanzu.

— Sikilizeni. Wale wachuuzi wanasikiliza lafudhi. Ukifungua mdomo tu wanajua huyu kashuka kutoka mlimani, ana hela ya korosho. Wanaingiza mkono chini kabisa ya begi, wanakutolea bovu!

— Lafudhi haiharibu kamera, — akajibu Ticha. — Ni baridi. Kitu kimezoea joto la Masasi, unakipandisha huku ghafla. Hata mtu angeshikwa kifua.

— Baridi gani! Kuna watu huko ng'ambo wanaziona kamera zote kwenye kompyuta. Wakiona ya bei rahisi inaanza kumletea mtu faida, wanabonyeza, inazima!

— Sasa hilo linawezekana, — Ticha akakiri. Nikajua leo mambo yameharibika.

— Twende Masasi sasa hivi! — Mizani akapiga benchi. — Tumkamate! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Twende! — Fleshi naye kasimama, macho mekundu. — Kaniharibia jina langu! Kitangari nzima inanitukana!

Hata mimi nilikuwa nimepandwa na hasira. Nilishaanza kufunika birika.

Ndipo pikipiki ikasimama, akashuka mama mmoja kajifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi. Fleshi alipomwona akakaa.

— Shikamooni, — akasema yule mama.

— Marahaba, — wakaitika wazee.

— Shikamoo, Mama Faidha, — akasema Fleshi. Tukaelewa ndiye mwenye harusi.

— Marahaba, baba.

Mizani hakungoja. Akamweleza yote: mchuuzi, begi, vitambulisho, watu wa ng'ambo. Mama Faidha akasikiliza mpaka mwisho.

— Poleni, — akasema. Kisha akamgeukia Fleshi. — Hiyo kamera, mwanangu, ilianza kugoma lini?

Fleshi akaiangalia kamera.

— Ilikuwa inazimika kidogo. Nikiipumzisha, inawaka.

— Tangu lini?

— Alhamisi.

Mizani akageuza shingo. Ticha naye.

— Na kamera ya kuazima hapa Newala haipatikani?

— Ipo, mama. Ladislaus, mpiga picha mwenzangu, anazo mbili.

Mama Faidha akatikisa kichwa taratibu. Mwanawe mmoja tu, akasema, harusi moja tu, na picha aliyonayo ni ya sufuria za pilau. Sauti yake ilipanda kidogo tu, lakini mpaka dereva wa pikipiki akazima injini.

— Harusi ilikuwa Jumamosi. Sasa Ijumaa nzima, Mrisho, ulishindwa nini kuniambia?

Fleshi akaanza kuufungua na kuufunga mfuniko wa lenzi. Mizani akaanza kujifuta kahawa kwenye kanzu, anafuta palepale. Ticha akainamia kikombe. Nikachukua kikombe safi, nikammiminia Mama Faidha, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Hakukipokea. Alikuwa bado anangoja kujibiwa.