Gerishon Kiragu, Mtu Mwenye Afya

Marehemu Gerishon Kiragu wa Kihara alizaliwa Uthiru mwaka 1911, mwembamba kama sisi sote wa nyumba ile. Mimi ninayesoma wasifu huu ni dada yake mkubwa, Nyokabi.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwaka 1931 akaajiriwa karani wa stoo mjini, akawa anakwenda kwa baiskeli. Baada ya miaka mingi ya kukaa kitini tumbo likatokeza, nasi tukafurahi. "Sasa una afya!" tukamwambia. Mama mmoja wa jirani, alipoliona lile tumbo linakuja, alidhani ni bwana afya wa serikali, akakimbia kufagia choo. Marehemu alicheka hadi akatokwa na machozi. Spoki za baiskeli zilipovunjika mara ya tatu aliiacha, na hilo pia tuliliita heshima.

Alimwoa Wamucii tarehe 12 Desemba 1936.

Mapema mwaka 1957 daktari alimkuta na kisukari na presha. "Afya yako ni mbaya. Punguza mwili." Ukoo mzima ulicheka. Mtu wa ratili mia mbili na sabini akose afya? Aliyesikia ni Wamucii peke yake. Alificha sukari, akaacha mafuta, akampikia mboga. Kufikia Desemba mkanda ulikuwa umerudi matundu matatu, na marehemu alipanda kilima cha kanisani bila kusimama.

Basi tukaitisha kikao, wajinga tukajaa sebule. "Wifi, huyu mtu wetu amekwisha! Unamnyima chakula, ama unangojea kurithi shamba?" Maneno hayo ni yangu. Tulimtishia kumrudisha kwao, tukachinja mbuzi siku ile ile, na Wamucii akaipakua nyama. Kisha tukawa tunakuja kila Jumapili kukagua kama sahani yake ina nyama, mabwana afya wa bure.

Agosti 1958 alipata kidonda mguuni, kikakataa kupona. Januari mguu ulikatwa. Hospitalini aliniambia, "Nyokabi, zile mboga hazikuwa mbaya." Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Machi 1959.

Ameacha mjane, Wamucii. Watoto Kihara, Jamleck na Philister. Na ukoo wenye matumbo makubwa na midomo mikubwa zaidi. Jana nimewasikia mkimsengenya Wamucii, eti ndiye aliyemmaliza. Nyamazeni. Yeye alimpa mwaka mmoja wa kupanda kilima. Sisi tulimpa nyama. Mungu ampe amani.