Boti ya Kwenye Tangazo

Pale Wiyoni, ndia ya punda inapokata kona, pana benchi la saruji ambalo mwenye ukuta alilijenga apumzikie mwenyewe, watu wa mtaa wakalichukua bila kumuuliza. Baada ya sala ya alasiri huketi hapo Muhdhar, aitwaye Kanali japo hajawahi kuvaa kombati. Jeilani, aitwaye Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi mahakamani, mara moja. Na Bakr, aitwaye Redio. Jina la Bakr lilikuwa la haki. Sauti yake nzito ndiyo iliyosoma tangazo la Kampuni ya Upeo, lililorudiwa kila baada ya habari: “Mama wa visiwani, hauko peke yako. Boti ya Upeo iko nawe, usiku na mchana.” Mabango yake yalionyesha mja mzito, boti na nambari ya kupiga. Siku hiyo alivaa kanzu mpya. Bi Ibtihal wa ofisi ya Mombasa alikuja na mpiga picha kurusha mazungumzo ya kijiwe mubashara mtandaoni, na yakienda vizuri, Bakr angekuwa sauti ya kampuni mwaka mzima.

— Ongeeni tu kawaida, wazee wangu, alisema Ibtihal. Kama sisi hatupo.

Kanali hakungoja kuambiwa mara ya pili.

— Mimi nauliza, hawa Upeo wauza nini? Tangazo nalisikia kutwa. Bei sijasikia, duka sijasikia.

— Wauza simiti, alisema Wakili. Watulainisha kwanza.

— Simiti gani yenye picha ya mja mzito? Hawa wataka ugavana!

— Kampuni igombee ugavana?

— Yashindwani? Ina jina, ina rangi, ina fulana. Wangapi walishinda kwa fulana tu?

Amini muuza kahawa alidakia, huku akimmiminia Kanali kikombe.

— Yeo ugavana, kesho posa. Mtaona, kampuni itakuja kuposa nti nzima, na mahari ni kalenda za ukutani!

Ibtihal alinong'onezana na mpiga picha, akainua dole gumba: watazamaji walikuwa wakiongezeka. Bakr akakohoa kidogo, kama afanyavyo studio.

— Nyinyi hamuelewi. Kuna tangazo lakwambia nunua sabuni. Hili halikwambii nunua. Lakwambia nipende. Upeo kazi yao kushusha makontena. Siku wakitaka kupanua gati, mtu akauliza mikoko mingapi itakatwa, nyinyi wenyewe mtamnyamazisha: aa, waacheni, wale ni watu wema.

— Kumbe wanunua mioyo! alisema Wakili.

— Tuseme wanajenga taswira, alisema Ibtihal, na tabasamu lake likapungua.

Hapo ndipo mwanamke mmoja wa buibui alipotokea kwenye kona, anahema, simu mkononi. Hakuwa mtu wa mtaa ule.

— Assalaamu alaykum. Samahani, Bwana. Nimeisikia sauti yako nikipita. Si wewe wa tangazo la boti?

— Waalaykum salaam. Ndiye mimi, alisema Bakr, akanyoosha kola.

— Mimi Raihana, mkunga wa Faza. Nilivuka kuja huku mkutanoni. Nimepigiwa simu sasa hivi: mja mzito wetu, Ummu, ana pacha, na mmoja amekaa vibaya. Watakikana upasuaji, naye daktari yuko hospitali ya huku. Boti ya wagonjwa imetoka na mgonjwa mwengine. Nimepiga ile nambari ya tangazo mpaka nimechoka, yaimba muziki tu. Boti hiyo iko wapi?

Kanali alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Bakr. Amini akabaki na buli hewani.

— Dada, alisema Ibtihal kwa upole, lile tangazo lilikuwa la kuonyesha moyo wa kampuni.

— Moyo nimeusikia. Nauliza boti.

Ibtihal alimpa mpiga picha ishara ya kuzima. Bakr aliiona. Aliuona mwaka wake mzima ukimteleza. Akakumbuka alivyosoma maneno yale studio, huku akiwaza sauti yake tu itakavyosikika, asimuwaze mama yeyote. Uso ukamuwaka. Akasimama mbele ya kamera, akamshika mpiga picha bega.

— Usizime, bwana.

Kisha akaitoa sauti ile ile, nzito, ya kila baada ya habari:

— Mabibi na mabwana, mama mmoja yuko Faza, yuwasubiri. Mkunga wake yuko hapa. Auliza swali moja, nami nawauliza Upeo kwa niaba yake. Boti iko wapi?

Simu ya Ibtihal ikaanza kulia. Akasogea ukutani kuipokea, na kijiwe kizima kikategea masikio.

— Ndiyo, bosi... Hapana, siwezi kufuta, watu wameshasambaza... Bosi, ile tuliyoipiga picha si ipo ng'ambo, Mokowe? Ile ya kubebea wageni? Basi itoke!

Akasikiliza jibu. Akafumba mato.

— Bosi, kama haitoki, mtafute mtu mwengine wa kuwajibia watu hawa.

Akakata simu, akawageukia.

— Inatoka. Itampitia Bi Raihana hapa gatini, wakamlete Ummu. Na baada ya leo itabaki Faza kwa wagonjwa, bosi amekubali nitangaze.

— Tangaza basi, kabla hajabadili nia! alipiga kelele Kanali.

Akatangaza, tena kwa Kiswahili kisicho na taswira ndani yake. Raihana alikuwa ameshapanda juu ya punda wa Amini, mbio kuelekea gatini. Maji yalikuwa yamejaa, boti ikapita mkondo wa Mkanda bila kukwama, kwenda na kurudi na Ummu.

Hakuna aliyeondoka kijiweni. Waliswali magharibi kwa zamu, mmoja akiilinda simu ya Bakr, ambayo nambari yake Raihana aliondoka nayo. Isha ilipokaribia, ikalia.

— Bwana Bakr? Hospitali hapa. Wavulana wawili. Na mama yao mzima, yuwaitisha chai.

— Allahu akbar! Bakr alinguruma mpaka madirisha ya juu yakafunguka. Kanali alimkumbatia Wakili, aliyekuwa akibishana naye tangu alasiri. Vigelegele vikashika nyumba kwa nyumba, na kilichopaa kuliko vyote kilitoka benchini, kwa Ibtihal, viatu amevivua, machozi yakimtiririka. Kamera ilikuwa imezimwa zamani.