Mzee Mvuke, Aliyesema Boila Izimwe

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa nimewaambia tangu juzi kwamba kuna mahali humu ambapo mimi mwenyewe sielewi, wakasema soma hivyo hivyo.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Mvuke, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1971 na chuo cha ufundi mwaka 1978, na tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa katika kituo cha kufua umeme kwa makaa ya mawe, upande wa boila, mtambo unaochemsha maji yawe mvuke, ambako alikuwa akigundua hitilafu kwa kusikiliza tu.

Tarehe 14 Julai 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti watatu, ambao kila Jumapili aliwasuka mwenyewe, vibaya, nao wakaenda shule hivyo hivyo.

Mwaka 2016 nchi nyingi duniani zilikuwa zinaachana na makaa na kugeukia jua na upepo, na yetu nayo ikatangaza kwamba kituo kitafungwa, basi tarehe 5 Septemba tukakutana kantini kupinga, mimi niliyefanya kazi hapo hapo nikiwa katibu wa chama cha wafanyakazi, nikamwomba kaka atusemee, maana hakuna aliyekipenda kituo kile kuliko yeye. Alisimama, akavua kofia yake ngumu, akasema, "Hii boila nimeilisha miaka thelathini na saba. Izimwe." Akakaa. Watu mia nne tukapiga kura, na hoja ya kupinga ikashindwa.

Jioni nilimfuata kwake kumuuliza sababu, akanijibu kwamba chai inapoa, nami nikaondoka, nikakaa miaka miwili bila kusema naye. Mwaka 2017 alikwenda kusomea ufungaji wa paneli za sola, darasa moja na vijana waliomwita babu, akafeli mtihani wa kwanza, akarudia, akapasi, akafunga paneli kwenye mapaa ya shule na zahanati, lakini nyumbani kwake hakufunga hata moja, na siku bomba la moshi la kituo lilipoangushwa alivaa suti, akasimama kwenye uzio, akalia mpaka shemeji akamshika mkono.

Alianza kukohoa Februari 2022, na daktari alipotuambia mapafu yamejaa vumbi la makaa nilidhani hatimaye nimepata jibu, nikamuuliza kama alijua tangu siku ile ya kantini, akatikisa kichwa, akasema hakujua lolote, na kwamba angejua, huenda angenyamaza. Alifariki tarehe 21 Mei 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita, ameacha mjane, mabinti watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea viti na maji, na wenzake wa boila na wa paneli, ambao leo nawaona mmekaa benchi moja.

Kaka, sijakuelewa, na sitajifanya mbele ya watu hawa kwamba nimekuelewa, ila ugomvi wetu nimeuacha, nawe pumzika kwa amani.