Kinyungu kwa Tairi Moja

KALINGA: Haloo? Haloo! Ni nani mwenzangu huko?

OPARETA: Usipige kelele, bwana, waya bado haujafunguliwa. Mbeya, ngoja. [mlio mrefu] Haya. Iringa, zungumza sasa. Dakika tatu.

BENEDICTA: Niseme wapi? Hapa? Kwenye hiki kitundu?

KALINGA: Haloo! Nani?

BENEDICTA: Ni mimi.

KALINGA: Mimi nani? Taja jina, waya unavuma!

BENEDICTA: Kwani wake zako ni wangapi? Mama Didas.

KALINGA: Ala! Benedicta! Kamwene, mama, kamwene!

BENEDICTA: Kamwene, Baba Didas. Mmeamkaje huko Mbeya?

KALINGA: Tumeamka. Baridi tu. Watoto je?

BENEDICTA: Wazima. Didas ana jino linamsumbua, lakini—

KALINGA: Nani kafariki? Niambie tu. Tangu nilipopata ile simu ya maandishi, "Jumamosi saa nne uwe Posta," sijalala. Nipo hapa tangu hawajafungua mlango, roho juu. Ni mama?

BENEDICTA: Mama yako mzima. Hakuna aliyekufa.

KALINGA: Mungu ashukuriwe.

BENEDICTA: Ngoja kwanza kushukuru. Sikiliza, na usinikatize. Nimeuza kuku watatu kuja kusema nawe. Karani amenipigia hesabu, kila dakika tatu ni kuku mmoja. Huyu wa kwanza anakwenda hivi hivi kwa salamu.

KALINGA: Sema basi.

BENEDICTA: Juzi alfajiri nimeshuka kinyunguni, kwenye shamba langu la bondeni, kufungulia mahindi maji. Nimekuta watu wanne wa Bartholomeo wamesimama katikati ya mahindi yangu. Wana kamba, wanapima. Mahindi yametoa mbelewele, Baba Didas! Nikawauliza, mnampimia nani kaburi? Wakasema, mama, hapa panachimbwa udongo wa matofali. Tajiri anajenga nyumba ya vyumba vinane. Wakasema, bonde hili ni lake, amebadilishana na mumeo. Uko?

KALINGA: Niko.

BENEDICTA: Ni kweli?

KALINGA: Nilitaka kukuandikia.

BENEDICTA: Tangu mwezi wa tano? Sasa ni mwezi wa tisa.

KALINGA: Mama Didas, yale ni mambo yaliyopita mbele ya jumbe, ni mambo ya wanaume—

BENEDICTA: Kinyungu ni jambo la wanaume tangu lini? Siku ya tatu ya ndoa yetu nani alinishika mkono akaniteremsha bondeni? Nani alinipa jembe? Si mama yako aliyekuzaa? Alisema nini?

KALINGA: Ninajua alichosema.

BENEDICTA: Kiseme.

KALINGA: Alisema... "Nyumba ni ya mwanangu, bonde ni lako."

BENEDICTA: Basi ulibadilisha kitu cha nani?

KALINGA: Sikukitupa, mke wangu! Nilipata sehemu kwenye lori. Si nilikueleza? Lori la watu sita, matairi sita, kila mtu na tairi lake. Bartholomeo alikuwa na tairi la nyuma kushoto, la ndani. Akaniachia hilo, mimi nikamwachia bonde. Biashara!

BENEDICTA: Ulinieleza lori. Bonde hukulitaja.

KALINGA: Ungekataa.

BENEDICTA: Ehee. Hapo umesema kweli.

OPARETA: Dakika tatu. Iringa, mnaongeza?

BENEDICTA: Ongeza, mwanangu. Ongeza.

OPARETA: Endelea.

BENEDICTA: Kuku wa pili huyo. Sasa nikwambie nilichokuja nacho. Nilikwenda kulia kwa jumbe. Jumbe akasema, mama, mumeo aliweka dole gumba mbele yangu, na mume ndiye mwenye kauli. Kama bonde ni lako, aseme yeye kwa kinywa chake. Akanipa tarishi wake aje asikie. Mzee Kasian yuko hapa nje ya kibanda, amevaa kofia yake ya serikali. Unanisikia?

KALINGA: Nakusikia.

BENEDICTA: Nitampa hii simu. Wewe umwambie, "Kinyungu si changu, ni cha mke wangu, alipewa na mama yangu." Basi. Hayo tu. Wale wachimbaji wamekaa juu ya majembe yao bondeni, wanamngoja arudi. Akirudi na neno lako, wanaondoka. Akirudi bila neno, wanachimba leo hii hii.

KALINGA: Leo?

BENEDICTA: Leo. Wakishatoa ule udongo wa juu hata kiazi hakioti tena pale. Ni shimo la vyura. Nimwite?

KALINGA: Ngoja.

BENEDICTA: Ningoje nini?

KALINGA: Ngoja kidogo tufikiri. Nikisema hivyo, Bartholomeo atataka tairi lake.

BENEDICTA: Mrudishie.

KALINGA: Si rahisi namna hiyo.

BENEDICTA: Tairi ni lake, bonde ni langu. Ugumu uko wapi?

KALINGA: Lori liko kazini, mwanamke! Huwezi kumsimamisha mtu njiani ukamwambia nipe tairi. Jana tu limepeleka mchele Chunya—

BENEDICTA: Jana?

KALINGA: Jana, juzi... hapo katikati.

BENEDICTA: Baba Didas. Kaka yangu Liberatus alipita Nyololo, barabara ya kuja huko, Jumapili, kwenye basi.

KALINGA: [waya unakwaruza] Alipita?

BENEDICTA: Alipita.

KALINGA: Akasema nini?

BENEDICTA: Nilitaka useme wewe. Njia nzima, tangu jogoo la kwanza, natembea nasema moyoni, ataniambia mwenyewe.

KALINGA: Ni Isakwisa. Alikuwa anaendesha Isakwisa. Vumbi, na lile lori la kampuni lilikuja mbele yake, akakwepa—

BENEDICTA: Lori liko korongoni pale, tumbo juu. Watoto wanapanda wanateleza.

KALINGA: Linaweza kunyanyuliwa.

BENEDICTA: Liberatus amesema limebaki na matairi matano.

KALINGA: Matano? Limetoka lipi?

BENEDICTA: [anacheka, kisha kicheko kinakatika] Yesu na Maria. Mtu amepoteza bonde, anauliza limetoka lipi.

KALINGA: Samahani.

BENEDICTA: Isakwisa mzima?

KALINGA: Mkono tu. Umefungwa mbao.

BENEDICTA: Nawe unalala wapi?

KALINGA: Ilomba. Kwa mtu.

BENEDICTA: Mtu gani?

KALINGA: Mtu tu. Ananipa pembe ya jiko.

BENEDICTA: Unakula?

KALINGA: Mama Didas, dakika zinakwenda.

BENEDICTA: Nimeuliza, unakula?

KALINGA: Yaache hayo.

BENEDICTA: Na huku nyumbani wanakuita tajiri wa tairi moja. Didas amepigana shuleni kwa ajili hiyo, ndiyo maana ya hilo jino.

KALINGA: Nilitaka tuwe matajiri, Benedicta. Ni dhambi hiyo?

BENEDICTA: Kwani tulikuwa maskini? Nionyeshe siku watoto wangu walilala na njaa. Mwezi wa kumi mwaka jana, hamsini na tano, jua likakausha hata magugu mlimani, nani alikuwa na mahindi mabichi? Bartholomeo na ng'ombe wake wote na duka lake alimtuma mkewe kwangu na kikapu. Apolonia yule, na viatu vyake, akapiga magoti topeni. Nikamjazia. Sikumdai hata chumvi.

KALINGA: Kula mahindi mabichi si utajiri. Hiyo ni kushiba.

BENEDICTA: Nawe ulitaka nini zaidi ya kushiba?

KALINGA: Kuitwa! Nilitaka kuitwa. Unajua mimi naingia kanisani miaka yote hii, hakuna kichwa kinachogeuka? Bartholomeo akiingia, hata katekista anasahau sala. Mimi nikisema neno barazani linaanguka kama jani. Ukiishi vizuri tu, hakuna anayekuona.

BENEDICTA: Mimi nilikuwa nakuona.

OPARETA: Dakika sita. Mnaongeza?

BENEDICTA: Ongeza. Ndiyo ya mwisho hiyo, mwanangu, sina kuku mwingine. Baba Didas, namwita mzee. Utasema?

KALINGA: Na Bartholomeo akinishitaki kwa ajili ya tairi?

BENEDICTA: Tutakuwa na mahindi ya kumlipa. Tukikosa bonde tutamlipa na nini? Utasema?

KALINGA: Nitasema.

BENEDICTA: Kinyungu si changu—

KALINGA: Ni cha mke wangu, alipewa na mama yangu. Mpe simu. Mpe upesi!

BENEDICTA: Mzee! Mzee Kasian, njoo, shika hapa. Hapana, hicho ni cha sikio. Ndiyo. Sema tu.

MZEE KASIAN: Haloo! Haloo huko! Ananisikia kweli huyu?

KALINGA: Nakusikia, mzee. Kamwene.

MZEE KASIAN: Kamwene, tajiri! Kamwene, kamwene! Loo, sauti yako hii hapa, kama uko nyuma ya mlango! Habari za mjini, tajiri?

KALINGA: Nzuri, mzee. Mimi nataka kusema—

MZEE KASIAN: Jumbe anakusalimu sana. Amesema, siku ukija na lori lako, upitie kwake apande mbele, upande wa dirisha. Amesema, Kalinga ametutoa kimasomaso, mtu wa kijiji chetu kuwa na chombo barabarani!

KALINGA: Ahsante, mzee. Nishukurie.

MZEE KASIAN: Hata padri ametaja jina lako. Sasa, mwanangu, huyu mama ametuletea habari kwamba lori limeanguka. Mimi nikamwambia, mume ndiye ajuaye. Nisikie kwa sikio langu. Lori lipo au halipo? Haloo? Imekatika?

KALINGA: Lipo, mzee.

MZEE KASIAN: Si nilisema! Na lile bonde je? Maneno uliyoyasema mbele ya jumbe ni yale yale, au yamegeuka?

KALINGA: Mzee, bonde lile... mama yangu alipo—

MZEE KASIAN: Maana mimi nilishangaa. Mtu mwenye lori atagombania tope la mahindi?

KALINGA: [anacheka kidogo] Hapana, mzee.

MZEE KASIAN: Ndiyo hayo niliyotaka kusikia. Haya, tajiri, shika mkeo. Mama, shika, mimi natangulia, jua linapanda.

BENEDICTA: Umesema? Anacheka huyu, anafunga vifungo vya koti. Umemwambia?

KALINGA: Mama Didas...

BENEDICTA: Umemwambia nini?

KALINGA: Ameniita tajiri.

BENEDICTA: Ehe?

KALINGA: Kanisalimia kwa jina hilo. Mara tatu, mara nne. Kasema jumbe anataka kupanda mbele, na padri kanitaja. Nikashindwa. Mdomo wenyewe ulikataa, Benedicta. Mrudishe! Mrudishe sasa hivi, nitasema, naapa kwa mama, nitasema!

BENEDICTA: Mzee! Mzee Kasian! [mbali] Mzee, ngoja! [karibu] Ameshapanda baiskeli.

KALINGA: Mkimbilie!

BENEDICTA: Baiskeli na miguu? Yeye atafika saa sita, mimi nitafika jua linazama.

KALINGA: Mwambie karani atume mtu. Mwambie—

BENEDICTA: Karani ni nani kwa jumbe? Wamesema kinywa cha mume. Kinywa cha mume nimekileta kwa kuku watatu.

OPARETA: Nusu dakika.

KALINGA: Nitarudi. Nitatembea, nitapanda hata lori la mkaa. Jumatano nitakuwa nyumbani. Wazuie mpaka Jumatano.

BENEDICTA: Mimi nizuie majembe manne?

KALINGA: Lala katikati ya mahindi, mwite mama, waite wanawake—

BENEDICTA: Mama yako ameshakaa pale kwenye mfereji tangu jana, na kigoda chake. Anasema, mwanangu atasema tu, mnamsingizia.

KALINGA: Usimwambie.

BENEDICTA: Wachimbaji watamwambia.

KALINGA: Benedicta—

BENEDICTA: Nenda ukale, Baba Didas. Popote unapokaa, waombe wakupe chakula ule. Mimi naondoka, pengine nitakuta hata mistari miwili ya kando wameiacha.

KALINGA: Ngoja! Usiweke! Niulize tena, niulize wewe, nitasema, ukawape neno langu! Haloo? Mama Didas? Haloo!

[mlio]

KALINGA: Opareta! Nirudishie Iringa, dada. Dakika moja tu.

OPARETA: Una ya kulipia?

KALINGA: Sina.

OPARETA: Basi weka mkono wa simu, bwana, kuna watu wanangoja.

KALINGA: Kinyungu si changu. Ni cha mke wangu, alipewa na mama yangu. Umesikia? Kinyungu si changu!

OPARETA: Nimesikia, bwana. Lakini Iringa wameshakata.